Prosesa ya Nne

Prosesa ya nne haikupewa kazi, na bado ilikuwa inafanya kazi. Christiane aliliona jambo hilo siku ya pili akalipuuza, kwa sababu mtu aliyechoka hupuuza kila kitu ambacho hakijamwangukia kichwani. Alikuwa amefundisha saa sita mfululizo kwenye ukumbi usio na feni, joto la Oktoba limembana, na mitihani mia moja na arobaini ilikuwa inamsubiri mezani. Aliandika kwenye daftari, "Prosesa ya 4: angalia baadaye," akalifunga.

Kwa wasioijua, kazi yake ilikuwa hivi. Kuna programu inayojifanya kompyuta. Watu wa fani huiita kiigizi. Unaiambia ijifanye mashine yenye prosesa nne, mashine ambayo hakuna kiwanda kilichokwisha kuitengeneza, nayo inajifanya. Kisha unaendesha programu nyingine ndani yake na kuipima. Humo ndani mambo huenda polepole kupita kiasi: sekunde moja ya ndani ilimgharimu Christiane siku nzima ya huku nje. Programu aliyoiendesha iligawanya kazi katika nyuzi, kila uzi na mzigo wake, kila uzi na prosesa yake. Mwisho wa kila awamu nyuzi hukutana kituoni, na hakuna unaoruhusiwa kuendelea mpaka idadi iliyoandikwa itimie. Anayetangulia anawangoja wenzake.

Namba huchosha macho, kwa hiyo nyuzi alizipa majina. Alipoanza tasnifu yake, miaka minne iliyopita, aliandika majina ya watoto wa mama yake: Christiane, Djo, Syntiche, Fils. Fils, kitinda mimba, alicheka alipoona jina lake linatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Yaya, unanitumikisha mpaka mu machine," alimwambia dada yake mkubwa. Agosti ya mwaka uliofuata Fils alifukiwa na udongo katika shimo la wachimbaji huko Kambove, akiwa na miaka ishirini na minne, na mwili wake haukupatikana.

Christiane aliiweka tasnifu kando. Alipoirudia Oktoba hii, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulifuta jina la Fils, maana hakuwa na nguvu ya kulisoma kila asubuhi. Zikabaki nyuzi tatu na prosesa moja tupu. Lakini idadi ya kituoni aliiacha nne. Macho yake yaliipita mara kumi na hayakuona kosa lolote, kwa sababu kwao nne ndiyo iliyokuwa idadi. Mama yao, Mama Albertine, hakukubali matanga ya Fils yatolewe, yaani maombolezo yamalizwe. Hakuona maiti, asingetoa matanga. Mwaka wa tatu huu alikuwa bado amevaa nyeusi, bado anapakua sahani nne, na mtu akimwuliza ana watoto wangapi alijibu "bane," yaani wanne, kwa sauti ya kukata maneno.

Basi nyuzi tatu zilifika kituoni zikangoja wa nne, na wa nne hakuwepo. Siku nyingine angeligundua hilo mapema, kwa kuwa prosesa zote zingelala. Safari hii moja haikulala, naye akadhani mambo yanakwenda.

Ya nyumbani yalianza taratibu. Jumatano ile ile aliyowasha programu, Syntiche, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake huko Naviundu, alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Saa tano uchungu ukasimama. Mimba haikurudi nyuma wala haikwenda mbele. Mkunga wa zahanati akampima, akasema wangoje. Djo, anayefuata baada ya Christiane, ambaye tangu Kambove aliacha machimbo akawa fundi wa pikipiki, alianza kuchelewa kazini. Asubuhi angeonekana amesimama kwenye lango la karakana, begi begani, akitazama ndani. Ukimwuliza anangoja nini, anasema hajui.

Na Christiane naye. Kila mlango aliofika, alisimama. Mlango wa ukumbi, wa choo, wa duka la mkate. Miguu ilikuwa inakataa kuvuka, kama mtu anapomshikia mwenzake mlango, ila nyuma yake hapakuwa na mtu. Angehesabu pumzi kumi, wakati mwingine ishirini, halafu angejisukuma. Alijiambia ni uchovu. Uchovu ulikuwa umekwisha kubeba lawama nyingi katika maisha yake, moja zaidi usingeikataa.

Harufu ndiyo iliyomtia shaka. Chumba cha mashine kiko ghorofa ya pili, sakafu ya saruji, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Humo kulinuka udongo mbichi, ule udongo wenye shaba unaoacha ladha ya sarafu mdomoni. Kila siku harufu ilisogea. Jumatatu ilikuwa mlangoni. Jumatano ilikuwa kwenye kiti.

Ijumaa, siku tisa baada ya kuiwasha, mchana kweupe, aliamua kuangalia ile prosesa ya nne. Alifungua kumbukumbu za programu. Ziliandika kwa utulivu: Christiane amefika. Djo amefika. Syntiche amefika. Waliofika: watatu. Anayengojwa: mmoja.

Aliliona kosa lake papo hapo, akajicheka bila furaha. Siku tisa za umeme na mafuta ya jenereta zimeteketea kwa namba moja. Kisha akatazama saa ya ndani ya kiigizi. Siku tisa za nje zilipaswa kuwa sekunde tisa. Saa ilisoma sekunde elfu moja mia moja na hamsini.

Alikuwa bado anaitazama namba hiyo aliposikia mtu akihema mlangoni. Alikuwa Djo, jasho linamtiririka, amesimama nje ya kizingiti.

"Yaya, tulimupeleka Syntiche ku maternité ya zahanati," alisema polepole. "Tumbo iliuma tena, ikasimama tena. Mukunga anasema moyo ya mutoto inachoka. Docteur wa kupasua anatoka mbali, balikata courant ya umeme, bote banangoya."

"Ingia basi, Djo."

"Siwezi." Alitazama miguu yake kwa aibu. "Ni kama kuko muntu nyuma yangu, hayafika bado."

Christiane alidhani jambo hilo ni lake peke yake. Aliinuka amwendee, na hapo Djo akainua kidole ili anyamaze. Mashine ilikuwa inagonga. Christiane alikuwa ameisikia sauti hiyo tangu wiki iliyopita, akaihesabu kuwa ni feni iliyolegea: ko, ko, ko, kisha kimya, ko, ko, ko, kisha kimya.

"Nani aliifundisha ile machine kugonga?" Djo aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni feni."

"Haiko feni. Tatu, unapumua. Tatu, unapumua. Njo vile sisi tulikuwa tunafanya mu shimo. Muntu akibakia nyuma anagonga ku jiwe. Maana yake: niko hapa, muningoye."

Aliteleza akakaa chini, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu bado nje. Alichokisema baadaye hakuwahi kumwambia mtu, wala padri. "Tulikuwa na sheria, yaya. Hakuna muntu kupanda mbele ya bote kufika fasi ya kamba ya kupandia. Hata kama moja tu anakosa, tunangoya. Ile siku udongo ilianza kuanguka. Nilimusikia anagonga. Nilimusikia muzuri kabisa. Nikapanda."

Christiane hakumlaumu, hakumfariji. Hakuwa na nguvu ya kufanya hata moja kati ya hayo mawili. Alichokuwa nacho ni namba, akaanza kuihesabu kwa kalamu, kwa sababu mkono wake ulihitaji kazi: sekunde moja ya ndani kwa siku moja ya nje; elfu moja mia moja na hamsini; akarudi nyuma mwezi kwa mwezi kwenye kalenda ya ukutani na nyingine tatu zilizokuwa chini yake ambazo hakuna aliyezitoa, akapita Krismasi moja na ya pili na ya tatu, akapita misa ya kwanza ya kumwombea na siku walipoleta viatu vyake kwenye mfuko, mpaka kalamu ikasimama juu ya tarehe ishirini ya Agosti, ambayo katika nyumba yao hakuna mtu aliyeitaja kwa mdomo.

"Mule mu shimo," aliuliza, "bila machine ya hewa, muntu alikuwa na dakika ngapi?"

"Patron wa shimo alikuwa anasema nusu saa."

Sekunde elfu moja mia moja na hamsini ni dakika kumi na tisa na kitu. Christiane aliweka kalamu chini. Huku nje miaka mitatu ilikuwa imepita, mama yao amezeeka, Syntiche ameolewa. Huko Fils alikuwa bado na hewa.

Wakamwita chef Léonard, mkuu wa maabara. Léonard alikuwa mtu wa Kasai, shemasi katika kanisa lake, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za kukosa umeme. Katika kanisa lake walimwita akija mtu wa kuombewa pepo, na alikuwa ameondoa wengi. Alisikiliza bila kucheka. Akaomba nusu saa, mkono juu ya mashine, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiluba. Kugonga hakukukoma. Akazima mashine kwenye swichi. Kugonga kukaisha, lakini Djo alijaribu kuvuka kizingiti akashindwa, na simu kutoka zahanati ilisema mambo ni yale yale, hali ni mbaya zaidi kidogo.

"Kuizima haisaidie," Christiane alisema. Yeye mwenyewe alikuwa ameitengeneza hivyo. Katika mji huu umeme hukatika unavyotaka, na mtu akiendesha kitu cha siku nyingi huiamuru mashine ihifadhi kila hatua, ili umeme ukirudi iendelee pale pale ilipoachia. "Tulisimama. Hata iko imezimwa, tunabakia tumesimama."

"Basi ubadilishe ile namba. Andika tatu."

Aliwasha tena, akafungua kumbukumbu ya mashine ya ndani, akafika kwenye ile nne. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha tatu. Kilisimama kama miguu inavyosimama mlangoni. Alisukuma kwa uzito wa mwili wote, machozi yakamtoka kwa hasira, kidole hakikushuka. Léonard alimwondoa kwa upole, akaandika tatu mwenyewe. Kwenye kioo ikasomeka nne. Akaandika tena. Nne. Mara ya tano alivua miwani akaifuta.

"Mimi natoa mademoni, mutoto yangu," alisema. "Huyu haiko demoni. Huyu iko na mama yake. Mumuite."

Mama Albertine alifika saa tisa na nusu kwa pikipiki ya kukodi, nguo yake nyeusi imejaa vumbi. Alimruka Djo mlangoni bila kusimama. Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumba yao siku hiyo kuingia humo bila kusitasita. Alinusa. Akamtazama binti yake, na Christiane akajua hakuna haja ya kueleza mengi.

"Iko humu?"

"Iko, mama."

"Tangu wakati gani?"

"Siku tisa."

Mama alivuta kiti akakaa, akasikiliza kugonga kule kwa muda mrefu, midomo ikihesabu tatu na pumzi, tatu na pumzi. Christiane alimweleza kuhusu kituo, kuhusu idadi, na kwamba hao watatu waliosimama ni wao, na mtoto aliye tumboni kwa Syntiche hawezi kupita mama yake asipopita. Hakumweleza kuhusu hewa. Alikusudia kumficha hilo, lakini mama hakuwa mjinga.

"Anakuya?" aliuliza. "Fils. Iko nakuya, ao iko fasi moja tu?"

Christiane alitazama prosesa ya nne. Kazi yake ilikuwa inaongezeka, kidogo kidogo, kila dakika. "Iko nakuya."

"Na kama anafika kesho?"

Nje wanafunzi walikuwa wanapita wakicheka. Simu ya Djo ikalia, akasikiliza, akasema tu, "Mama, banasema tufanye haraka."

Mama Albertine aliweka viganja viwili juu ya mashine. Hakupaza sauti. "Fils," alisema, "mwana yangu wa mwisho. Nilikungoya myaka tatu. Nilikuwekea sahani, nilikatala matanga, niligombana na bandugu ya baba yako ju yako. Sasa mutoto wa yaya yako anataka kuzaliwa na sisi tunamufungia mulango. Unisamehe. Wewe ulikuwa na roho muzuri, utanisamehe." Akavuta pumzi. "Niko na batoto batatu."

Akauliza kitufe kiko wapi. Christiane akamwonyesha kwa kidevu. Mama akabonyeza, na tatu ikabaki tatu.

Kwenye kioo ikaandikwa: Wote wamepita. Kugonga kukakoma katikati, baada ya pigo la pili. Djo, aliyekuwa ameegemea hewa tupu, alianguka ndani ya chumba kifudifudi. Saa kumi na moja jioni Syntiche alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Usiku huo mama alipakua sahani tatu, akavua nguo nyeusi, akalala ameugeukia ukuta. Christiane alilala kama gunia. Hakuota chochote, na alishukuru.

Jumamosi asubuhi alikwenda chuoni kuchukua matokeo. Alipanda ngazi, akavuka mlango bila kusimama, akawa karibu kutabasamu. Programu ilikuwa imeingia awamu ya pili. Hiyo ilikuwa na mzigo mkubwa, ingechukua siku nne kabla uzi wowote haujafika kituoni. Akafungua kumbukumbu.

Fils amefika.

Jina hilo halikuwemo tena kwenye programu. Yeye mwenyewe alilifuta. Saa ya ndani ilisoma elfu moja mia moja hamsini na moja. Sekunde moja. Kama wangengoja sekunde moja, siku moja ya huku nje, angewakuta. Chini yake paliandikwa: Aliyefika: mmoja. Wanaongojwa: wawili.

Alikaa chini. Alielewa polepole, jinsi mtu aliyechoka anavyoelewa. Kituo sasa kilihitaji watatu, na mmoja alikuwa amekwisha fika. Fils hakuwa na kinyongo. Alikuwa anafuata sheria. Amefika fasi ya kamba, anawangoja wenzake wapande pamoja, huko aliko.

Simu ikalia. Alikuwa mama, sauti yake nyepesi kuliko siku nyingi. Mtoto ananyonya vizuri. Syntiche amekula. "Na Djo alitoka asubuhi mapema," aliongeza. "Amepanda bus ya Kambove. Alisema anaenda kukaa kidogo ku mulango ya ile shimo, tuanze kumaliza matanga. Niliona ni muzuri."

Mbele ya macho ya Christiane, siku tatu kabla ya wakati wake, ukaja mstari mwingine. Djo amefika. Anayengojwa: mmoja.

Mmoja. Ama yeye, ama Syntiche mwenye kichanga kifuani. Alimpigia Djo, simu iliita bila kupokelewa, huku mashine imeanza tena, ko, ko, ko, pumzi, na safari hii waliogonga walikuwa wawili, mmoja akimfuata mwenzake kwa nyuma kidogo, kama watu wanaobadilishana nyundo, na harufu ya udongo ikapanda kutoka kwenye vitufe hadi vidoleni mwake, na vidole vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuifungua kumbukumbu ya ndani na kuitafuta ile tatu ambayo mama yao aliiandika kwa uchungu kuliko uzazi wote aliowahi kuupata.

Alibonyeza nne. Mkono haukukataa. Kwenye kioo nne ikakaa. Waliofika: wawili. Wanaongojwa: wawili.

Simu ikapokelewa. Upepo ulisikika, na mtu anayehema.

"Djo? Uko wapi?"

"Niko ku mulango ya shimo, yaya," sauti yake ilisema, kama mtu aliyeamshwa. "Nilikuwa naingia. Sijue ju ya nini. Sasa miguu inakatala."

"Usiingie."

"Siingie. Lakini kurudi pia siwezi."

"Basi ukae," Christiane alisema. "Ukae hapo hapo. Tunangoyana."

Hiyo ni miezi minane sasa. Djo ana kibanda huko Kambove, mita chache kutoka kwenye shimo, anatengeneza pikipiki za wachimbaji. Kila wikendi mama anampelekea chakula. Syntiche bado hajarudi kwa mumewe. Hufika langoni na begi lake, akasimama na mtoto mgongoni, akarudi ndani. Tasnifu haijaandikwa; nyuzi mbili zilizobaki, wake na wa Syntiche, Christiane alizisimamisha njiani zisifike kituoni. Chef Léonard hamwulizi, ila mwanzoni mwa kila mwezi huleta mwenyewe kidumu cha mafuta ya jenereta na kukiacha nje ya chumba. Mama Albertine amerudia nguo nyeusi. Mtu akimwuliza ana watoto wangapi husema bane, na sahani anapakua kwa idadi hiyo.

Kila asubuhi, kabla ya darasa, Christiane hupanda ghorofa ya pili kuangalia kama mashine bado inawaka na namba bado ni ile. Mlangoni husimama kidogo. Kisha huingia, hukaa, na kama hakuna mtu karibu hugonga meza kwa kidole, mara tatu, akapumua.